Tezi Kabla ya Tundu: Kwa Anayempeleka Mgonjwa wa Pafu Kutoka Piana-Mwanga

Mtu akichomwa na mwiba unyayoni, siku ya pili au ya tatu kinena kinavimba. Bibi atakwambia huo ni mtoki, atakanda kwa maji ya moto, na kidonda kikipona mtoki nao utanywea. Hakuna anayeshangaa kwamba mwiba uko chini na uvimbe uko juu. Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba mwili una vituo vyake: habari ya mguu hufika kinenani, ya mkono hufika kwapani, ya jino hufika chini ya taya.

Pafu nalo lina mitoki yake, ila hiyo huioni wala huigusi. Imejificha katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, baina ya pafu la kulia na la kushoto. Saratani ya pafu ikianza kutembea, mara nyingi hupitia huko kwanza. Nayaandika haya kwa ajili ya mtoto, mpwa, mke au jirani aliyeambiwa kwamba mzee wake ana uvimbe kwenye pafu, kwamba huenda ukatolewa kwa matundu madogo bila kupasua kifua, na ambaye sasa anapiga hesabu ya pikipiki hadi Kalemie, ya boti au ya ndege. Habari ya matundu madogo ni tamu, na ndiyo maana watu huishika hiyo na kusahau kuuliza jingine. Mimi nakuomba uulize kwanza habari ya mitoki hiyo, ambayo madaktari huiita tezi.

Mto na vyuma vyake

Mtu wa Piana-Mwanga hahitaji kufundishwa habari ya maji. Luvua hutoka ziwa Mweru pale Pweto, hupita kwenye maporomoko yetu, na kuingia Lualaba pale Ankoro. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Géomines iliweka hapa mitambo ya umeme kwa ajili ya machimbo ya bati ya Manono. Kwenye kituo chochote cha namna hiyo, kabla maji hayajaingia kwenye mitambo hupita katikati ya vyuma vilivyosimamishwa kama uzio, ili magogo na majani yanase hapo. Anayetaka kujua mto umebeba nini hana haja ya kuufuata mpaka Ankoro; aende akatazame kilichonasa kwenye vyuma.

Tezi ndizo vyuma hivyo. Nyama ya pafu huvuja maji membamba. Maji hayo hukusanywa na vijifereji, huchujwa na tezi moja baada ya nyingine, kisha hurudi kwenye damu karibu na mtulinga. Chembe ya saratani ikimeguka kwenye uvimbe inaweza kubebwa na maji hayo na kunasa kwenye tezi. Nyingine hufia humo. Nyingine hujenga.

Madaktari wameipa mitoki hii namba kama vituo vya treni. Ramani inayotumika sasa duniani ilitolewa mwaka 2009 na chama cha kimataifa cha wanaochunguza saratani ya mapafu, IASLC, nayo ina vituo 14. Huna haja ya kuvikariri vyote. Shika hivi: kituo 1 kiko shingoni na juu ya mtulinga, 2 na 4 viko kandokando ya bomba la hewa, 5 na 6 viko upande wa kushoto, karibu na mshipa mkuu wa damu, 7 kiko chini ya panda, pale bomba la hewa linapogawanyika mara mbili, 8 na 9 vinashuka kufuata umio, 10 hadi 14 viko kwenye shina la pafu na ndani ya pafu lenyewe. Herufi R ni kulia, L ni kushoto.

Kutokana na ramani hiyo hupatikana herufi utakayoisikia sana, N. N0 maana yake hakuna tezi yenye saratani. N1 ni tezi za ndani ya pafu lenyewe au shinani mwake. N2 ni tezi za katikati ya kifua, upande uleule wa uvimbe, au zile za chini ya panda. N3 ni tezi za upande wa pili, au zilizo juu ya mtulinga. Tangu mwaka 2025 hospitali zinazofuata toleo la tisa la mpangilio huu huigawa N2 mara mbili: N2a ni kituo kimoja tu kilichoguswa, N2b ni vituo zaidi ya kimoja.

Kwa nini herufi hii ina uzito hivyo? IASLC walikusanya habari za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika nchi nyingi, wakatoa hesabu mwaka 2015: kati ya wagonjwa 100 wa N0, 75 walikuwa hai baada ya miaka mitano, wa N1, 49, wa N2, 36, wa N3, 20. Hizo ni hospitali zenye vifaa kamili, kwa hiyo usimsomee mzee wako namba hizi kama hukumu. Zitumie kuelewa kwa nini daktari makini hataki kugusa kisu kabla ya kujua habari ya tezi.

Anza na kidole

Kabla ya kuuza mbuzi, fanya jambo ambalo halina gharama. Mkalishe mzee kwenye kiti, simama nyuma yake, mwambie alegeze mabega. Pitisha vidole polepole kwenye shimo lililo juu ya mtulinga, kulia na kushoto, kisha panda kwenye shingo. Ukikuta kinundu kigumu, kisichouma, kisichotaka kusogea, hicho huenda ni kituo 1. Kinundu hicho kikiwa na saratani basi ni N3, na kwa N3 upasuaji wa kuondoa pafu kwa kawaida hausaidii. Njia ni dawa na mionzi. Daktari anaweza kukichoma sindano na kuvuta chembe, au kukitoa kwa ganzi ya mahali pale tu. Kazi hiyo haihitaji hospitali ya mji mkuu. Familia ngapi zimevuka ziwa kumfuata mpasuaji, kumbe jibu lilikuwa shingoni, chini ya kola ya shati!

Sikiliza pia sauti. Mzee aliyekuwa akiita watu ng'ambo ya mto, na sasa kwa wiki kadhaa anakwaruza tu bila mafua, mwambie daktari. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, hupita chini ya mshipa mkuu wa damu palepale penye tezi za kituo 5, ndipo hupanda tena kooni. Tezi zikivimba hapo humnyima mtu sauti. Uso na shingo vikivimba asubuhi, mishipa ya kifuani ikatuna, huenda kuna kinachobana mshipa mkubwa unaorudisha damu ya kichwani. Hilo si la kungoja wiki ijayo.

Kifua kikuu kinaichezea shere ramani

Hapa ndipo mwongozo ulioandikwa Ulaya hautoshi kwetu. Vitabu vya huko husema tezi iliyozidi sentimita 1 kwenye skana, ikipimwa upande wake mwembamba, inashukiwa. Lakini Kongo iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu huvimbisha tezi zilezile. Vumbi la mawe la aliyechimba au kusaga mwamba wenye kasiterite huzivimbisha. Moshi wa kuni na makala wa miaka arobaini huzitia weusi na ugumu. Hata ile skana ya PET, ambayo watu huisifu kwamba huonyesha saratani ikiwaka kama taa, huwasha kifua kikuu vilevile, kwa sababu inachofuata ni mahali sukari inapoliwa kwa wingi, na vidonda vya kifua kikuu navyo hula sukari.

Kinyume chake nacho ni kweli: tezi ndogo, ya milimita sita, inaweza kuwa imebeba saratani na skana isiseme kitu.

Kwa hiyo kosa liko pande zote mbili. Mmoja ana kifua kikuu kinachotibika kwa miezi sita, na dawa zake hutolewa bure chini ya mpango wa taifa, lakini akaambiwa saratani imeenea, akarudi nyumbani kungoja siku. Mwingine ana saratani ambayo ingetolewa, akameza dawa za kifua kikuu bila makohozi yake kuonyesha kijidudu hata mara moja, na mtu akamwambia avumilie. Hili la pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu huvaa nguo ya matibabu. Makohozi yakipimwa zaidi ya mara moja na yasionyeshe kitu, na baada ya miezi miwili ya dawa mtu bado anakonda na kukohoa damu, omba skana ya kifua. Omba kwa adabu, lakini omba. Wala kukutwa na kifua kikuu hakuondoi saratani; mzee wa machimboni, hasa aliyevuta sigara, anaweza kuwa navyo vyote viwili. Vumbi la silika linajulikana kuongeza hatari ya yote mawili.

Kinachomaliza ubishi ni nyama ya tezi yenyewe chini ya hadubini. Siku itakapochukuliwa, hakikisha kuna vichupa viwili. Kimoja kiwe na formalini, nyingi kiasi cha mara kumi ya nyama yenyewe. Hicho kinakwenda anapati, kwa wanaotazama chembe. Cha pili kisiwe na formalini, bali maji ya chumvi safi ya hospitali. Hicho kinakwenda kupimwa kifua kikuu, kwa GeneXpert au kwa kuotesha vijidudu. Formalini huua vijidudu, kwa hiyo nyama yote ikitumbukizwa humo swali la kifua kikuu limeharibika, na mgonjwa atachomwa upya. Spiriti ya dukani si badala ya formalini. Jina, tarehe na kituo cha tezi viandikwe kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Wanavyozifikia tezi za ndani

Kwa tezi za katikati ya kifua kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi kwenye bomba la hewa, nchani una ekografia ndogo. Daktari huiona tezi nyuma ya ukuta wa bomba na kuichoma sindano kutokea ndani. Mgonjwa hapasuliwi hata kidogo. Ya pili ni ya zamani, ilienezwa na Eric Carlens wa Sweden mwaka 1959: mkato mfupi juu ya mfupa wa kidari, kisha bomba lenye mwanga linashushwa mbele ya bomba la hewa na tezi zinanyofolewa moja moja. Mgonjwa hulazwa usingizi. Hospitali isiyo na ya kwanza isidharauliwe ikiwa inaifanya ya pili vizuri.

Je, ni lazima kila mara? Hapana. Uvimbe ukiwa chini ya sentimita 3, uko pembeni kabisa mwa pafu, na skana zote mbili, ya kawaida na ya PET, hazionyeshi tezi ya kushuku, wapasuaji wengi huenda moja kwa moja. Uvimbe ukiwa mkubwa, au uko karibu na katikati, au kuna tezi hata moja inayotia shaka, tezi zichomwe kwanza. Kwetu, ambako skana ya PET haipatikani kwa urahisi, mimi ningeegemea kuchoma.

Sasa tundu lenyewe

Aprili 5, 1933, katika mji wa St. Louis, Marekani, Evarts Graham alitoa pafu zima la kushoto la mgonjwa wa saratani kwa mara moja. Mgonjwa alikuwa daktari mwenzake, naye akaishi miaka mingi, hata kumzidi Graham, ambaye alikuwa mvutaji sigara na alikufa kwa saratani hiyohiyo ya mapafu mwaka 1957. Siku hizo kifua kilifunguliwa kama mlango wa ghala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo wapasuaji wa Italia na kwingineko walipoanza kutoa kipande kizima cha pafu kwa kamera.

Kwa njia hii hutobolewa tundu moja hadi manne ubavuni, kubwa kuliko yote likiwa kama la sentimita nne au tano, na mbavu hazitanuliwi kwa chuma. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili. Kwa kawaida hutolewa kipande kimoja kizima. Kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 ulio pembeni, uchunguzi wa Japani uliotangazwa mwaka 2022 na wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kutoa sehemu tu ya kipande kunatosha, mradi tezi zimethibitishwa kuwa safi. Tezi tena!

Faida za matundu ni za kweli. Uingereza walilinganisha njia zote mbili kwa wagonjwa 503, matokeo yakatoka mwaka 2022: waliotobolewa walipata nafuu ya mwili upesi zaidi, walitoka hospitali mapema, na hawakuwa nyuma katika kugundua tezi zenye saratani. Kwa mkulima anayetaka kurudi kushika jembe, hilo si dogo. Lakini kuna habari nyingine ya kuweka kando yake. Mwaka 2012 wapasuaji wa Marekani walitazama rekodi za wagonjwa zaidi ya 11,000 ambao skana zilisema tezi zao ni safi. Baada ya upasuaji, waliopasuliwa kifua walikutwa na saratani kwenye tezi kiasi cha 14 kwa kila 100. Waliotobolewa, kiasi cha 12. Tofauti yote ilikuwa kwenye tezi za shina la pafu. Ugonjwa ulikuwa uleule. Tezi ndizo hazikuchukuliwa zote. Mikono ikizoea, tofauti hiyo hufifia.

Nasoma mambo mawili hapo. Hata skana ikisema safi, mgonjwa mmoja katika kila wanane hivi ana saratani iliyojificha kwenye tezi. Na tezi isiyotolewa huandikwa safi.

Kuna jambo ambalo watu wa kwetu wanapaswa kulitarajia zaidi. Tezi zilizougua kifua kikuu zamani, au zilizojaa masizi na vumbi, hukauka na kunata kwenye mishipa mikubwa ya damu kama ulimbo. Mpasuaji akiona hatari ya kuchana mshipa, ataacha kamera na kufungua kifua. Akitoka akakwambia amelazimika kufungua, usidhani ameshindwa kazi. Aliyekataa kufungua wakati tezi zimegandamana ndiye wa kuogopa. Mwambie mzee mapema kwamba hilo linaweza kutokea, ili asizinduke akaona mkato mrefu na kudhani amedanganywa.

Wapi, na uulize nini

Kutoka kwetu njia ziko tatu. Kuna Lubumbashi, au Kinshasa, kwenye hospitali za vyuo vikuu. Kuna kuvuka ziwa kutoka Kalemie hadi Kigoma, kisha kushika njia ya Dar es Salaam, iliko Muhimbili, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road kwa mionzi na dawa. Na kuna kaskazini-mashariki: Kampala kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda tangu 1967, Nairobi kuna hospitali zenye skana ya PET, na Kigali mwaka 2023 kilifunguliwa kituo cha IRCAD Africa cha kufundisha wapasuaji kazi ya matundu madogo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halilipi hospitali. Pasipoti na dola bado utavihitaji.

Sitakutajia hospitali moja na kusema nenda hapo. Wapasuaji huhama, mashine huharibika, na jina kubwa mlangoni halimaanishi mtu wa kifua yupo wiki hii. Piga simu, au mtume ndugu aliye karibu aulize kabla hujasafirisha mgonjwa. Aulize kama yupo mpasuaji ambaye kazi yake hasa ni kifua. Kama daktari wa usingizi anaweza kulaza pafu moja huku lingine likipumua, kwa sababu bila hilo hakuna kazi ya matundu. Na kama kuna anapati inayotoa majibu ya kila kituo cha tezi peke yake. Jibu la mwisho likiwa la kusitasita, tafuta kwingine.

Mkishafika mbele ya mpasuaji, ulizeni. Wengi wetu tumelelewa kwamba munganga haulizwi, mtu anakunja mikono na kusema ndiyo. Unaweza kuheshimu na kuuliza kwa pumzi moja: "Samahani dokta, tunakushukuru kwa kumpokea baba. Tungependa kujua, tezi utazitoa vituo vipi?" Ukitaka kipimo cha jibu, chukua kile ambacho chuo cha wapasuaji cha Marekani kinadai kwenye hospitali za saratani kinazozitambua tangu 2021: angalau vituo vitatu tofauti vya katikati ya kifua, na angalau kimoja cha shina la pafu au cha ndani yake. Ulaya wengi huongeza kwamba kituo 7, cha chini ya panda, kisikose. Mpasuaji anayejua kazi yake hatakasirika. Mara nyingi atachukua karatasi na kukuchorea.

Upande wa mgonjwa, sigara na tumbaku ya kiko viachwe angalau wiki nne kabla. Atembee kila siku, apande mlima mdogo, ajifunze kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku ameshika mto ubavuni. Baada ya upasuaji atakuwa na mpira unaotoka kifuani kwenda kwenye chupa. Viputo vya hewa kwa siku chache ni kawaida. Chupa ikianza kujaa maji meupe kama maziwa baada ya kula mafuta, sema haraka: kijifereji cha tezi kimekatika. Sauti ikikwaruza baada ya tezi za kushoto kutolewa, sema pia, na mgonjwa asipewe maji ya kunywa kwa haraka mpaka aangaliwe, kwa maana yanaweza kumpalia.

Karatasi ya anapati

Karatasi hii huja wiki moja au kadhaa baadaye, wakati familia imeshachoka na inataka kurudi nyumbani. Usiondoke bila hiyo. Utakuta mistari kama hii: kituo 4R: 0/2, kituo 7: 1/4, kituo 10R: 0/3, kituo 11R: 2/3. Namba ya kulia ni tezi zilizotolewa, ya kushoto ni zenye saratani. Hapa zimetolewa 12, tatu zina saratani. Haraka haraka mtu angesema nyingi ziko shinani, basi ni N1. Sivyo: ile moja ya kituo 7 inatosha kumpeleka N2, na kwa kuwa ni kituo kimoja tu cha katikati, ni N2a. Unaweza pia kukuta kituo 7 kina saratani lakini 10 na 11 ni safi. Usidhani maabara imekosea. Saratani ya pafu huweza kuruka, kama maji ya masika yanayouacha mkondo na kupita pembeni. Ndiyo maana mpasuaji hawezi kutazama tezi za shinani tu na kurudi.

Ukiona pN0, yaani N0 ya anapati, usiimbe kwanza, tazama hesabu. 0/15 kutoka vituo vitano ni habari njema. 0/2 kutoka kituo kimoja ni kama kupita shambani kando ya barabara na kusema hakuna nyani. Mwambie daktari wa saratani hivyo, kwa sababu atapanga dawa kwa kufuata herufi hiyo.

Kwa N1 au N2 iliyogunduliwa kwenye upasuaji, kawaida hufuata mizunguko minne ya kemotherapia. Hesabu ya majaribio makubwa ilionyesha kwamba inaongeza kama watu watano katika kila 100 wanaofika miaka mitano. Si wengi, wala si bure. Mzee dhaifu na kijana mwenye nguvu wanaweza kuamua tofauti na wote wakawa sahihi. Mionzi kwa kila mwenye N2 baada ya upasuaji haishauriwi tena kama desturi, tangu majaribio ya Ulaya yaliyotangazwa 2022. N2 ikijulikana mapema, siku hizi nchi zenye uwezo hutoa kwanza kemotherapia pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ndipo hupasua. Dawa hiyo bei yake ni kali. Uliza pia kama nyama imepimwa badiliko la EGFR, ambalo huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara, maana kwao kuna vidonge.

Kisha skana kila miezi sita kwa miaka miwili au mitatu, baadaye mara moja kwa mwaka. Piga picha karatasi zote kwa simu, pande zote mbili, na umtumie ndugu aliye mjini azitunze, maana mvua ya Februari haichagui karatasi. Na kabla ya kupanda boti, pita tena maabara uwaulize kile kipande cha nta walichohifadhia nyama ya tezi kina namba gani. Iandike. Miaka miwili baadaye daktari mwingine akitaka kuitazama upya, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kilipo.